Kilichoandikwa Ndicho Kilicholiwa

Mtu wa Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, hahitaji kuelezwa wali wa nazi kwa kamba. Mpunga hulimwa humohumo deltani, kamba huvuliwa kwenye mikono ya mto Rufiji inapopita katikati ya mikoko kuelekea baharini, na nazi ni ya kuangua. Mpishi hukuna, hukamua, huteleka, hupalia makaa juu ya mfuniko, na saa ya kupakua wali huwa umekauka na kuchambuka. Sasa aje mtafiti wa lishe aulize: sahani hii ina gramu ngapi za mafuta? Chumvi yake ni kiasi gani? Na sahani ya kesho itakuwa sawa na hii ya leo?

Maswali hayo yana fundi wake. Wapo wapishi ambao kazi yao ni kuandaa chakula ambacho kila gramu yake inajulikana, kinacholiwa na watu waliokubali kwa hiari kushiriki utafiti, ili ijulikane chakula hicho kinaufanyia nini mwili. Wanatumia moto na mwiko kama wapishi wengine. Lakini wamebeba sharti ambalo mpishi wa nyumbani hana: kilichoandikwa kwenye daftari lazima kiwe ndicho kilichoingia kinywani. Nimekuwa nikiufuatilia ufundi huu kwa muda, na kadiri ninavyouelewa ndivyo heshima yangu kwake inavyozidi. Ushauri mwingi tunaopewa kuhusu mafuta, chumvi, sukari na nafaka unaegemea kazi ya watu hawa, na ni nadra sana kuwasikia wakitajwa.

Tuanze na ugumu wa sharti lenyewe. Njia ya kawaida ya kuchunguza mlo ni kumuuliza mtu alikula nini jana. Atakumbuka ugali, atakumbuka samaki. Mafuta yaliyokaangia kitunguu hatayakumbuka, kwa sababu hakuyaona. Kwetu pwani kuna jambo jingine: watu hula pamoja kwenye sinia. Kila mmoja ana upande wake, lakini mama akimsogezea mdogo mnofu wa samaki hakuna anayehesabu, na ni vyema kwamba hakuna anayehesabu. Wema huo hauna nafasi kwenye dodoso. Mtafiti akirudi mjini na karatasi zake, amebeba makisio ya watu waliokula vizuri na kusahau vizuri. Anayetaka kujua kwa hakika hana budi kulishika jiko mwenyewe.

Tanzania ina mfano wake wa karibuni. Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro, kazi ya pamoja ya Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kilimanjaro iliyoko Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi. Walishiriki wanaume 77 wenye afya njema. Wa vijijini, waliozoea vyakula vya asili vya mkoa huo, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa Kimagharibi wenye vyakula vilivyosindikwa. Wa mjini walihamishwa kinyume chake, wakarudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Wachache walibaki na mlo wao wa kila siku ili wawe wa kulinganishia. Damu yao ilipimwa kabla, ikapimwa baada, kisha ikapimwa tena wiki nne baadaye.

Matokeo yalieleweka hata kwa asiye daktari. Waliohamia mlo wa Kimagharibi, damu yao ilionyesha kinga ya mwili ikichachamaa bila adui, hali inayohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Na chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vimelea maabara, mwitikio wao ulikuwa dhaifu kuliko mwanzo. Waliorudi kwenye vyakula vya asili, na waliokunywa mbege, kwa sehemu kubwa walielekea upande wa nafuu. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya mlo kwisha.

Maabara zilizosoma damu hiyo zina mashine za thamani kubwa. Lakini tuseme mmoja wa wanaume wa kijijini alikuwa akirudi nyumbani jioni na kula kiburu cha ndizi na maharage cha mkewe juu ya mlo wa utafiti. Au chapati za kundi moja zilitiwa mafuta mengi Jumatatu na machache Alhamisi. Hakuna mashine ambayo ingeweza kuyarekebisha hayo baadaye. Tofauti ya damu hupewa maana na chakula, na chakula hupewa uhakika na aliyekiandaa.

Kazi yake huanza mezani, kabla ya moto kuwashwa. Afisa lishe huchukua kila mlo na kuuvunja hadi kiungo cha mwisho: mchele gramu kadhaa, nazi gramu kadhaa, kitunguu, nyanya, chumvi. Kisha hutafuta thamani ya kila kiungo kwenye majedwali. Nchi yetu imebahatika kuwa na majedwali yake ya virutubishi, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Humo mna vyakula vya kwetu, pamoja na vile vilivyokwishapikwa kwa mapishi ya kwetu. Ni hazina. Hata hivyo jedwali husema wastani wa nazi nyingi, ilhali mpishi ameshika nazi moja.

Kwa sababu hiyo mlo wa utafiti hujaribiwa kwanza. Hupikwa, hupimwa, huonjwa, hurekebishwa, hupikwa tena, mpaka wapishi wawili tofauti wakifuata karatasi moja watoe kitu kimoja. Kuonja hufanyika hapa. Utafiti ukishaanza, kijiko hakirudi kwenye sufuria, maana kijiko kimoja cha mchuzi kikienda kinywani mwa mpishi ni kijiko ambacho mlaji hakukila. Mpishi aliyezoea kuongozwa na ulimi hapo huagana nao, na huutegemea ule ulimi wake wa wiki zilizopita, uliokwishaamua kwamba kipimo hiki ndicho chenye ladha.

Vitu vya kupikia navyo hununuliwa kwa fikra hiyohiyo. Mchele wa utafiti mzima hutoka kwenye shehena moja, unga mfuko wa chapa moja, mafuta madumu ya toleo moja. Kisichoharibika hununuliwa chote mwanzoni na kuhifadhiwa. Nyama husafishwa mafuta kwa kisu, husagwa, huchanganywa pamoja, hugawanywa katika vifurushi vya uzito uleule na kugandishwa, ili mlaji wa wiki ya kwanza na wa wiki ya sita wawe wamekula ng'ombe mmoja kwa hesabu.

Kwa nazi, ufundi huu unakutana na mtihani ambao vitabu vya Ulaya na Marekani haviujui. Hebu tuufikirie wali wetu ukipikwa kwa utafiti, hapo deltani. Mnazi mmoja hubeba dafu, koroma na nazi kwa wakati mmoja, na kila hatua ina mafuta yake. Nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta yapatayo theluthi ya uzito wake. Ya koroma haijafika huko. Basi jambo la kwanza ni kuchagua, na kwa kuchagua hakuna chombo kinachomshinda mwanamke aliyekuna nazi tangu utotoni. Huigonga kwa kidole na kusikiliza, huitikisa asikie maji yake, huitazama rangi. Mizani hupima uzito, haijui ukomavu.

Inafuata kukuna. Mbuzi mwenye meno makali hukuna nazi laini, na nazi iliyokunwa laini hutoa tui zaidi. Aliyekuna mpaka akafikia kifuu huchanganya na ganda la kahawia. Kisha maji: ya vuguvugu huteka mafuta vizuri kuliko ya baridi. Halafu kukamua. Kasimile, lile tui la kwanza, huwa zito. La pili huwa jepesi, na la tatu ni maji yenye kumbukumbu ya nazi. Mkono wenye nguvu hutoa kwenye kifumbu kile ambacho mkono wa mtoto huacha kwenye chicha. Sahani mbili za wali, kutoka nazi mbili zinazofanana kwa macho, zinaweza kutofautiana kwa mafuta yanayotosha kuharibu hesabu ya siku, kwa kuwa kila gramu ya mafuta hubeba kilokalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga au ya protini.

Mpishi wa utafiti hawezi kuyaondoa hayo yote, ila anaweza kuyafunga moja baada ya jingine. Hupima nazi iliyokunwa, huandika. Hupima maji na joto lake, huandika. Huweka kanuni ya kukamua mara ngapi, na kazi hiyo humwachia mtu mmoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hupima tui lililotoka na chicha iliyobaki. Bora zaidi, hukamua nazi za kutosha kwa siku kadhaa, huchanganya tui lote kwenye chombo kimoja, huligawa katika vikopo vya uzito sawa na kuligandisha, huku kikopo kimoja kikitumwa maabara kupimwa mafuta. Hapo nazi mia zenye tabia mia huwa tui moja linalojulikana. Wapo watakaosema njia rahisi ni kununua tui la kopo. Ni rahisi kweli, lakini kama swali la utafiti ni wali unaoliwa Maparoni, basi jibu la tui la kopo linahusu chakula cha watu wengine.

Mchele una siri yake, nayo ni maji. Gramu 100 za mchele mkavu zina nishati ya takriban kilokalori 360. Ukishaiva huwa na uzito unaokaribia mara tatu, na nishati ni ileile. Wali uliokaushwa sana na wali uliobaki na majimaji unaweza kuwa na uzito mmoja kwenye sahani na chakula tofauti ndani yake. Kwa hiyo anayepima wali mbivu peke yake amepima maji pia. Wapishi makini hupima mara mbili: mchele mkavu kabla, kisha sufuria tupu na sufuria iliyojaa baada ya kuiva, ili wajue kila gramu ya wali mbivu imebeba mchele kiasi gani. Penye watu wachache, hufanya lililo bora zaidi: hupima mchele na tui la kila mlaji peke yake na kumpikia kwenye chombo chake peke yake.

Chomboni humo utabaki ukoko. Nyumbani ukoko wa nazi una wapenzi wake, na watoto huugombea. Kwa mtafiti, ukoko ni mchele na mafuta yaliyogoma kwenda kwenye sahani. Ama hukwanguliwa na kutiwa kwenye mlo wa mwenyewe, ama hupimwa na kuandikwa kwamba haukuliwa. Hali kadhalika mafuta yanayoganda kwenye kuta za kikaango, mchuzi ulioshika upawa, na punje zilizonasa kwenye mwiko. Vyote hukwanguliwa. Ukimwona mpishi ameinamia sufuria iliyokwisha kupakuliwa, anaipitisha kijiko cha mpira mara ya tatu, ujue anautetea ukweli wa sahani.

Kamba hupimwa akiwa hana kichwa wala ganda, kwa kuwa mlaji hatakula ganda. Samaki mwenye miiba ni mgumu zaidi: mlaji mmoja huusafisha mwiba hadi unang'aa, mwingine huacha nusu ya mnofu. Hapo huwepo njia mbili: kumtoa miiba jikoni kabla ya kupima, au kumpa mlaji samaki mzima na kuirudisha miiba mizanini. Ng'onda hukaa pembeni mpaka apimwe maabara, maana chumvi yake haitabiriki. Na chumvi ndiyo inayowashangaza wengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mpishi anayetia kwa vidole vitatu akipitiliza gramu moja amekula sehemu ya tano ya siku nzima ya mlaji. Kwa hiyo chumvi ya kila mlo hupimwa mapema, kwenye kikopo chake kidogo chenye jina la siku na namba ya mlaji, kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Siku ya kupika hakuna anayeshika mfuko wa chumvi.

Nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha kazi hii: sahani isiyoliwa. Katika tafiti nyingi za aina hii, hupakuliwa sahani moja ya ziada, sawasawa na ya walaji, kwa mchele uleule, tui lilelile, na mpishi yuleyule asiyejua wala kuchagua ipi itakwenda wapi. Sahani hiyo nzuri, yenye harufu yake yote, husagwa kwenye mashine mpaka iwe uji, hugandishwa na kupelekwa maabara. Huko hupimwa nitrojeni ili ijulikane protini, hupimwa mafuta, na kiasi kidogo hukaushwa na kuchomwa ndani ya chombo cha chuma kilichozamishwa majini. Joto la maji likipanda, nishati ya chakula imejulikana. Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Wesleyan mwishoni mwa karne ya 19, ndiye aliyetuachia hesabu inayotumika mpaka leo kwenye vifungashio vya vyakula: kilokalori 4 kwa gramu ya protini, 9 kwa mafuta, 4 kwa wanga. Hesabu hiyo ilizaliwa kwa kuwapa watu chakula kilichopimwa na kukusanya kila kilichowatoka. Mpishi anayepakua sahani ya ziada anajiwekea shahidi dhidi yake mwenyewe. Akikosea, maabara itasema. Ni kazi chache ambazo mfanyakazi hutengeneza kwa mikono yake ushahidi wa kumhukumu, tena kwa uangalifu uleule anaowapa walaji.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano mzuri wa jinsi ufundi huu unavyoweza kukaa kwenye chakula cha kawaida kabisa. Kati ya mwaka 1998 na 2000, Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliongoza utafiti katika shule 12 za msingi za Embu. Watoto walikuwa wa darasa la kwanza, na chakula kilikuwa githeri. Shule tatu zilipewa githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. Shule tatu zilipewa githeri na maziwa. Tatu zilipewa githeri iliyoongezwa mafuta tu. Tatu za mwisho hazikupewa chakula, na utafiti ulipokwisha kila familia ya watoto hao ilipata mbuzi wa maziwa.

Ugumu wa mpishi wa Embu ulikuwa huu: vyakula hivyo vitatu vilitakiwa viwe na nishati sawa. Mwanzoni kila mtoto alipata takriban kilokalori 240, baadaye zikaongezwa hadi 313. Nyama ilianza gramu 60 ikafika 85. Maziwa mililita 200 yakafika 250. Kila ulipoongezwa mgao wa nyama, ilibidi maziwa na mafuta ya shule nyingine nayo yapande mpaka vyakula vitatu vikutane tena kwenye hesabu moja. Bila usawa huo, mtoto wa nyama akifanya vizuri darasani, mtu angesema ni kwa sababu alishiba zaidi. Kwa kuwa nishati ilisawazishwa, mlango huo ulifungwa. Na watoto wa nyama walifanya vizuri: alama zao kwenye jaribio la kufikiri la Raven zilipanda kuliko za makundi mengine. Vitamini B12 ilipanda kwa waliokula nyama na kwa waliokunywa maziwa. Leo mtu akisema katika mkutano wa lishe ya shule kwamba chakula chenye asili ya mnyama kina faida kwa akili ya mtoto, anasimama juu ya sufuria za githeri za Embu.

Kuna upande mwingine wa kazi hii unaofanyika baada ya kula, nao ni kupima mabaki. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha utafiti wa watu 20 waliokaa hospitalini wiki nne. Wiki mbili waliwekewa vyakula vilivyosindikwa sana, na wiki mbili vyakula visivyosindikwa. Milo ya pande zote mbili ilisawazishwa kwa nishati, sukari, mafuta, nyuzi na chumvi, kisha watu wakaachiwa wale wanavyotaka. Kwenye vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukapanda. Namba hiyo 500 imezunguka dunia nzima. Ilipatikanaje? Kwa kupima kila kilichotolewa na kila kilichorudi. Kipande cha mkate kilichoumwa, mchuzi wa chini ya bakuli, ganda la tunda: vyote vilirudi mizanini. Namba maarufu kuliko zote za lishe za miaka ya karibuni ilitoka kwenye sahani chafu.

Katika tafiti nyingine mlaji huombwa amalize chote, na hapo mila za pwani zingemfaa sana mtafiti. Kwetu kula kwa mkono, kusafisha sahani na kulamba vidole ni katika adabu tulizofundishwa na dini, na punje iliyobaki husikitisha. Lakini kumaliza chote, siku baada ya siku, bila kuongeza ndimu wala pilipili, bila kuonja cha jirani, ni kazi. Mpishi anajua hilo, na hapa ndipo ninapomwona kuwa zaidi ya mpimaji. Chakula kilichopimwa sawasawa lakini kisicholika kitarudi, au kitamwagwa kwa siri, au mtu ataacha utafiti, na mizani yote itakuwa bure. Kwa hiyo ladha ni sehemu ya usahihi. Wali lazima uchambuke, mchuzi lazima ushike, ndizi isiive ikapondeka. Menyu huzungushwa kwa siku kadhaa ili mtu asichoke. Mlaji anayepungua uzito huongezewa, si kwa kumjazia wali, ila kwa kitafunwa kidogo kilichotengenezwa kwa uwiano uleule wa virutubishi na mlo wake, ili aongezeke wingi bila kubadilika aina. Wapishi wa utafiti mkubwa wa shinikizo la damu uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1997, wenye watu 459, walitumia njia hiyo.

Sasa nirudi deltani, kwa sababu yapo maswali ya lishe ambayo Kilimanjaro haiwezi kutujibia. Mlo wa Mchagga wa kale ni ndizi, maharage na mbege. Mlo wa Mrufiji na Mnyagatwa ni mchele, muhogo, nazi, kisamvu, samaki na kamba. Je, mafuta ya nazi inayokamuliwa kwa mkono, yakiliwa na samaki na mboga za majani, yanaufanyia nini moyo? Biskuti, soda na tambi za pakiti zinazofika kwa boti zinabadilisha nini? Wilaya ya Rufiji ya zamani, kabla Kibiti haijawa wilaya, ina historia ndefu ya utafiti wa afya: Taasisi ya Afya Ifakara ilifuatilia huko vizazi na vifo vya kaya kwa miaka mingi. Watu wa huku wanajua kuhojiwa. Jiko la kupimia bado ni deni.

Jiko hilo likija, halitaweza kunakiliwa kutoka Moshi au Marekani. Kalenda yake itafuata maji: boti hufika kwa kujaa na kukwama kwa kupwa, na bidhaa za bamvua si za maji mafu. Barafu itatoka nje au umeme wa jua utabeba jokofu. Mwezi wa Ramadhani utaachwa, kwa kuwa saa za kula hubadilika na mwili nao hubadilika. Nyama itakuwa halali na kila mlaji aone kwamba ni halali. Chakula kitatoka kwenye sinia na kuingia kwenye sahani za watu binafsi, na jambo hilo litahitaji kuelezwa kwa wazee kwa heshima, wajue ni la wiki chache na lina sababu yake.

Na jikoni humo wawekwe watu wa aina mbili kwa cheo kimoja. Awepo aliyesomea lishe, anayejua kusoma jedwali na kusawazisha nishati. Awepo pia bibi wa Maparoni anayejua koroma kwa kuigonga, anayejua mchele wa msimu huu unakunywa maji kiasi gani kuliko wa msimu uliopita, na anayeweza kukamua nazi ya hamsini kama alivyokamua ya kwanza. Asiajiriwe kama kibarua wa kuosha vyombo. Uthabiti wa mkono wake ni kipimo, na utafiti unaoutegemea una wajibu wa kuuandika hivyo. Makala za kisayansi huwa na orodha ndefu ya waandishi, kuanzia aliyebuni swali hadi aliyechora grafu. Aliyehakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilicholiwa anastahili jina lake liwe kwenye orodha hiyo, kwa sababu bila yeye wengine wote wangekuwa wanaandika kuhusu chakula wasichokijua.